Mashine za kuchochea misuli: SHA inalipia nini, na mkazi aulize nini kabla ya kununua

Mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kurudi nyumbani akiwa na mkono au mguu usiotii, familia hutafuta kila njia ya kumrudishia nguvu. Siku hizi mojawapo ya njia wanazoelekezwa ni mashine ndogo ya umeme yenye nyaya na vibandiko, ambayo huuzwa madukani na mtandaoni kama dawa ya misuli iliyolala. Swali linalofuata ni kama bima ya afya ya umma, yaani SHA, itarudisha pesa hizo.

Jibu ni kwamba SHA hulipa kituo cha afya kwa huduma ambayo mwanachama amepewa. Haimrudishii mwanachama pesa za kifaa alichojinunulia. Risiti ya duka, hata ikiwa na muhuri, si dai la bima. Mkazi anayetaka mchango wake wa SHA umsaidie katika tiba hii anapaswa kuanzia hospitalini, kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, kabla hajatoa hata shilingi moja dukani.

Makala haya yanaeleza mashine hizi hufanya nini, bima inaingia wapi, na njia nyingine ambazo sheria imeweka kwa mtu aliyeumia kazini, barabarani au na wanyamapori.

MASHINE HIZI HUFANYA NINI

Misuli hujikunja inapopokea ishara kutoka kwenye ubongo. Ishara hiyo hushuka kupitia uti wa mgongo, kisha hupita kwenye neva hadi kwenye msuli. Kiharusi au jeraha la uti wa mgongo hukata mawasiliano hayo upande wa juu. Msuli wenyewe na neva inayoufikia mara nyingi huwa bado vizima, ila hakuna amri inayofika. Msuli usiotumika huanza kusinyaa mapema, na kwa mgonjwa aliyelala kitandani upungufu huo huanza ndani ya siku chache.

Mashine ya kuchochea misuli hupitisha mapigo madogo ya umeme kwenye ngozi kupitia vibandiko. Umeme huo huamsha neva, nayo neva huufanya msuli ujikunje. Kwa njia hiyo msuli hufanyishwa kazi wakati mgonjwa bado hawezi kuuamuru mwenyewe.

Kuna aina tatu ambazo mnunuzi hukutana nazo, na majina yake huandikwa kwenye kasha. TENS ni ya kupunguza maumivu na haikusudiwi kujenga msuli. NMES, ambayo wakati mwingine huitwa EMS, ndiyo inayoukunja msuli ili usisinyae na upate nguvu. FES humsaidia mtu kufanya tendo fulani, kwa mfano kuinua wayo anapotembea ili vidole visiburute chini. Familia ikinunua TENS kwa matumaini ya kufufua mguu uliopooza, imenunua kifaa cha kazi nyingine.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mashine ya NMES huhitaji neva iliyo nzima. Ikiwa neva yenyewe imekatika, kwa mfano baada ya kukatwa na panga au kuvunjika vibaya kwa mkono, mashine ya kawaida ya nyumbani inaweza kukosa kabisa kuusogeza msuli. Mtaalamu hupima hali hiyo kabla ya kuamua. Mwenye duka hana uwezo wa kuipima.

NANI HASTAHILI KUITUMIA BILA USHAURI

Umeme huu ni mdogo lakini si wa kuchezea. Mtu aliyewekewa kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo hapaswi kuutumia bila idhini ya daktari wake. Vibandiko haviwekwi mbele ya shingo, juu ya kidonda, juu ya uvimbe wa saratani, wala mahali penye damu iliyoganda ndani ya mshipa. Mama mjamzito hawekewi tumboni wala kiunoni. Mwenye kifafa anahitaji ushauri wa daktari kwanza.

Mgonjwa aliyepoteza hisia sehemu fulani ya mwili, jambo linaloweza kumpata mwenye kiharusi na mwenye kisukari cha muda mrefu, anaweza kuungua ngozi bila kujua. Hiyo ni sababu nyingine ya kufundishwa na mtaalamu jinsi ya kuweka vibandiko, kupandisha nguvu ya umeme na kukagua ngozi baada ya kila zoezi.

Mashine pekee haiponyi kiharusi. Faida yake huonekana zaidi inapoandamana na mazoezi, yaani mgonjwa anapojaribu kuusogeza mkono au mguu wakati ule ule umeme unapomsaidia. Mtu aliyefungwa vibandiko na kuachwa akitazama televisheni hapati faida hiyo yote.

SHA HULIPA VIPI

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii mwaka 2023, na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Aliyekuwa na kadi ya NHIF alitakiwa kujiandikisha upya.

Sheria hiyo iliunda hazina tatu. Hazina ya Afya ya Msingi hugharamia matibabu katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, na mkazi aliyejiandikisha hatozwi pesa hapo. Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii, SHIF, hulipia huduma za hospitali kuanzia ngazi ya 4 kwa wanachama waliolipa michango. Hazina ya tatu ni ya dharura na magonjwa sugu na mahututi, na huingia pale ambapo kiwango cha SHIF kimekwisha.

Mchango wa SHIF ni asilimia 2.75 ya mapato, na hauwezi kuwa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Mfanyakazi anayelipwa shilingi 20,000 kwa mwezi hukatwa shilingi 550. Anayelipwa shilingi 10,000 angekatwa 275, lakini kwa kuwa kiwango cha chini ni 300, hukatwa 300. Mkulima wa Werugha, mwendesha bodaboda wa Voi au mchuuzi wa soko la Taveta, ambao hawana mwajiri, hupimwa uwezo wao kwa maswali kuhusu kaya, kisha hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Kwa kiwango cha chini kabisa hiyo ni shilingi 3,600 kwa mwaka. Mchango mmoja huhudumia kaya, yaani mwanachama, mwenzi wake na watoto wanaowategemea.

Hapa ndipo kaya nyingi hukwama. Kujiandikisha kupitia *147# ni hatua ya kwanza tu. Aliyejiandikisha bila kupimwa uwezo na bila kulipa mchango atatibiwa bure kwenye zahanati ya kijijini, lakini akifikishwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi mjini Voi na kulazwa, SHIF haitamlipia. Kiharusi hakitoi notisi. Mchango wa mwaka unaolipwa mgonjwa akiwa tayari kwenye gari la wagonjwa ni mzigo mzito kuliko ule uliolipwa baada ya mavuno.

MGONJWA AKIWA WODINI

Mgonjwa aliyelazwa hulipiwa kwa siku. Katika viwango vya SHA vilivyochapishwa mwaka 2024, hospitali ya ngazi ya 4 hulipwa shilingi 3,360 kwa kila siku ya kulazwa. Kiasi hicho ni cha matibabu yake kwa jumla, kikiwamo kitanda, chakula, uuguzi, vipimo na dawa. Haulizwi alipe kila kitu peke yake.

Kwa sababu hiyo, wodini ndipo mahali pa kuanzia tiba ya viungo. Familia isisubiri siku ya kuruhusiwa. Ni vyema kumwomba daktari au muuguzi mapema mgonjwa aonwe na mtaalamu wa tiba ya viungo, ili mazoezi yaanze hali yake inaporuhusu. Kama mgonjwa anafaa kuchochewa misuli kwa umeme, mtaalamu ndiye atakayesema, na ndiye atakayeandika kwenye faili ni msuli gani, kwa lengo gani na kwa muda gani. Maandishi hayo yatakuwa na thamani baadaye, mgonjwa atakapokwenda kliniki, ofisi ya watu wenye ulemavu au kwa mwajiri.

BAADA YA KURUHUSIWA

Shida kubwa huanza mgonjwa anaporudi nyumbani. Tiba ya viungo huhitaji ziara nyingi, wakati mwingine mara mbili au tatu kwa wiki kwa miezi kadhaa. Huduma zisizolipiwa chochote kupitia Hazina ya Afya ya Msingi ziko zahanati na vituo vya afya, ilhali mtaalamu wa viungo na vifaa vyake kwa kawaida hupatikana hospitalini. Nauli nayo ni gharama. Kutoka Taveta hadi Voi ni zaidi ya kilomita 100, na kumteremsha mgonjwa asiyetembea kutoka vilima vya Sagalla au kumleta kutoka Kasigau kunaweza kugharimu kuliko matibabu yenyewe. Ni rahisi kuelewa kwa nini familia huona afadhali kununua mashine yao.

Kabla ya kuondoka wodini, familia iulize maswali manne na kuandika majibu. Mgonjwa anahitaji ziara ngapi? Ni huduma zipi katika ziara hizo zitakazodaiwa kwa SHA, na zipi zitalipwa taslimu, kwa kiasi gani? Je, ziara nyingine zinaweza kufanyika hospitali iliyo karibu zaidi, kama vile Wesu, Mwatate au Taveta? Ni mazoezi gani ambayo mtu wa nyumbani anaweza kufundishwa leo hii?

Swali la mwisho lisichukuliwe kama la kupuuzwa. Kumnyoosha mgonjwa viungo, kumsimamisha kwa kushikilia kitanda, kumfunza kukaa na kuinuka kwenye kiti ni mazoezi yasiyohitaji umeme wala pesa. Mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea kijiji anaweza kuwakumbusha na kuripoti dalili mbaya kwenye kituo.

Mgonjwa asiyeweza kulipa anapaswa kuomba kuonana na afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali kabla bili haijakua. Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo vya Afya ya mwaka 2023 pia inaruhusu hospitali za umma kubaki na pesa zinazokusanya, zikiwamo zinazolipwa na SHA, ili zitumike kuboresha huduma hapo hapo. Dai la SHA linalolipwa ipasavyo kwa mgonjwa wa leo linaweza kuchangia kifaa kitakachotumiwa na wagonjwa wengi kesho.

NCHI NYINGINE PIA HUWEKA MASHARTI

Si Kenya pekee ambapo bima haikubali kulipia mashine yoyote inayodaiwa. Nchini Marekani, Medicare, bima ya umma ya wazee na watu wenye ulemavu, hulipia mashine ya kuchochea misuli iliyosinyaa kwa kukosa kutumika ikiwa neva ya msuli huo ni nzima. Kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo anayetaka mashine ya kumwezesha kutembea, Medicare hudai kwanza amalize angalau vipindi 32 vya mafunzo na mtaalamu, kwa muda wa miezi mitatu. Mwaka 2012 bima hiyo hiyo iliacha kulipia TENS kwa maumivu sugu ya kiuno, isipokuwa ndani ya utafiti.

Uingereza nayo, taasisi ya NICE inayoshauri huduma ya afya ya umma iliunga mkono matumizi ya FES mwaka 2009 kwa wagonjwa ambao wayo wao hauinuki kwa sababu ya tatizo la ubongo au uti wa mgongo. Mwaka 2016 ilishauri TENS isitolewe kwa maumivu ya kiuno.

Funzo kwa mkazi wa Taita Taveta ni kwamba hata nchi tajiri hulipia kifaa baada ya mtaalamu kuthibitisha kwamba kinamfaa mgonjwa huyo na kwamba amefundishwa kukitumia. Mashine ya kiuno inayonadiwa stendi au mtandaoni haijapita mtihani huo.

PALE AMBAPO MLIPAJI SI SHA

Si kila jeraha linapaswa kubebwa na SHA pekee. Mfanyakazi wa shamba la mkonge, machimbo, hoteli au ujenzi anayeumia kazini analindwa na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Sheria hiyo humtaka mwajiri agharamie matibabu yanayohitajika, pamoja na viungo bandia, magongo na vifaa vingine vinavyotumiwa na mtu mwenye ulemavu. Mfanyakazi amjulishe mwajiri mara moja, ahifadhi karatasi zote za hospitali, na dai la fidia liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali. Afisa wa leba hutoa maelekezo bila malipo.

Aliyeumia katika ajali ya barabarani, jambo linalojulikana vyema na wakazi wa Voi kwa sababu ya barabara kuu ya Mombasa hadi Nairobi, ana njia nyingine. Sheria ya nchi humlazimu kila mwenye gari kuwa na bima ya kuwafidia watu wengine. Kinachohitajika mwanzoni ni kuripoti kwa polisi, kupata nakala ya ripoti na kutunza risiti. Gharama za tiba ya viungo huwa sehemu ya dai hilo.

Aliyejeruhiwa na ndovu, nyati au mnyama mwingine anayetajwa kwenye Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 anaweza kudai fidia kupitia KWS. Tukio liripotiwe mapema, na ripoti ya daktari ieleze wazi kiungo kipi kimepoteza nguvu na kwa kiasi gani.

ULEMAVU ULIODUMU

Baadhi ya wagonjwa hawatarudi walivyokuwa. Kwao Katiba, katika kifungu cha 54, inatambua haki ya kupata vifaa vya kuwawezesha kushinda vikwazo vinavyotokana na ulemavu wao. Mlango wa haki hiyo ni Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mhusika hupimwa na madaktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, husajiliwa na Baraza, kisha anaweza kuomba kifaa saidizi kupitia hazina ya Baraza.

Ombi lenye barua ya mtaalamu inayotaja kifaa kamili na sababu yake lina uzito kuliko ombi lililoandikwa "mashine ya misuli". Kwa wengine, tathmini hiyo huonyesha kwamba kiti cha magurudumu, gongo au kifaa cha kushikilia kifundo cha mguu kitawasaidia kuliko umeme.

KABLA YA KUTOA PESA

Mkazi aliyekwisha kushauriwa na mtaalamu na kuamua kununua kwa pesa zake azingatie haya:

1. Apate kwa maandishi jina la aina ya mashine, NMES, FES au TENS, na msuli unaolengwa.

2. Ahakikishe anayemshauri ni mtaalamu aliyesajiliwa. Wataalamu wa tiba ya viungo nchini husajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Tiba ya Viungo chini ya sheria ya mwaka 2014, na mwananchi ana haki ya kuomba kuona leseni.

3. Aulize bei ya vibandiko. Huchakaa na kupoteza gundi, na mashine isiyo na vibandiko vipya haina kazi.

4. Aipeleke mashine kliniki mara ya kwanza ili mtaalamu aiwashe na kumfundisha mgonjwa pamoja na anayemhudumia.

5. Asimwamini muuzaji anayeahidi kwamba "SHA itakurudishia". Mpango huo haupo.

HATUA ZA KUCHUKUA WIKI HII

Kaya ambayo haijui hali yake ibonyeze *147# kwenye simu yoyote, au imwone mhudumu wa afya ya jamii, au iende kituo cha afya kilicho karibu ikiwa na kitambulisho cha taifa. Ihakikishe mambo matatu: kwamba kila mtu katika kaya ameandikishwa, kwamba upimaji wa uwezo umekamilika, na kwamba mchango wa mwaka umelipwa.

Aliye na mgonjwa nyumbani aliyepooza na ambaye hajawahi kuonwa na mtaalamu wa viungo asikate tamaa kwa sababu muda umepita. Miezi ya kwanza ndiyo yenye matumaini makubwa zaidi, lakini mazoezi bado huzuia viungo kukakamaa, vidonda vya kulala na maumivu. Aende na faili ya zamani katika hospitali iliyo karibu, aombe tathmini, na aanze na mazoezi atakayofundishwa siku hiyo. Kama mashine itahitajika, mtaalamu atasema ni ipi.